Mfupa Uliochomwa na Swali la Asili

Kitu kikigeuka kabisa kuwa kitu kingine, je, kinabeba hukumu ya kile kilichokuwa? Kemia hujibu upesi kwamba hakibebi. Molekuli ya methani ni atomi moja ya kaboni iliyoshikana na atomi nne za hidrojeni. Iwe imetoka kwenye kinyesi cha ng'ombe katika kata ya Hirbadaw, wilayani Hanang, au kwenye visima vya gesi vya Songosongo, inawaka kwa mwali uleule na kuivisha ugali uleule. Wanazuoni wa dini wameligombania jambo hili kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kuafikiana. Na katika miongo mitatu hivi iliyopita, wanakemia wanaotafuta nishati safi na njia za uzalishaji zisizochafua mazingira nao wamejikuta wanauliza tena kile walichokuwa wameacha kuuliza: hiki kimetoka wapi?

Katika wilaya za Hanang na Mbulu swali hili halikai vitabuni tu. Wairaqw na Wabarbaig wanaishi huko jirani kwa jirani, na ng'ombe ndiye kipimo cha mali kwa wote wawili. Wakatoliki wa Jimbo la Mbulu, Walutheri, Waislamu na wanaoshika mila za wazee huchota maji mamoja na hununua nyama bucha moja. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkeno, na miamba ya namna hiyo huacha floraidi nyingi majini. Floraidi ikizidi, meno hugeuka rangi ya kahawia tangu utotoni. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania zina visima vinavyovuka kiwango hicho mara kadhaa, na magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi nayo huongeza floraidi yake.

Dawa mojawapo ya maji hayo ni mfupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimeshughulika kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kule Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1998. Kemia yake ni nyepesi kueleza. Sehemu kubwa ya mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfati yenye vikundi vya oksijeni na hidrojeni ndani yake. Maji yanapopita, floraidi huingia mahali pa vikundi hivyo na kubaki humo. Kazi ngumu ni uchomaji. Mifupa hupangwa tanuruni na kuchomwa kwa hewa kidogo, kwa joto la nyuzi mia nne hadi mia tano za Selsiasi au zaidi kidogo. Ikitoka nyeusi tii, mafuta na nyama havijaisha, na maji yatanuka na kuwa na rangi. Ikitoka nyeupe pe, moto umepita kiasi na mfupa umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunasa floraidi. Fundi mzoefu hutafuta rangi ya kijivu. Kisha mifupa husagwa, huchekechwa, huoshwa na kujazwa kwenye ndoo yenye bomba.

Hapo ndipo mtumiaji anapouliza swali ambalo mhandisi hakulitarajia: ni mifupa ya mnyama gani, na alikufaje? Walioandika kuhusu teknolojia hii wamelitaja sana jambo hilo kama kikwazo. Mhindu hataki maji yaliyopita kwenye mfupa wa ng'ombe, Mwislamu anahofia nguruwe au mzoga, na watu wasio na dini yoyote maalumu huona kinyaa tu. Mara nyingi wataalamu huliweka chini ya kichwa cha habari cha kukubalika kwa jamii, kana kwamba ni tatizo la kuelimisha watu. Hilo ni kosa. Anayeuliza habari za mfupa anauliza swali la falsafa lenye historia ndefu kuliko kemia yenyewe.

Katika fiqhi ya Kiislamu swali hilo huitwa istihala, yaani kugeuka kwa dhati ya kitu. Mfano wake maarufu ni wa punda aliyetumbukia katika shimo la chumvi akafa, akakaa humo hadi akawa chumvi. Je, chumvi hiyo inaliwa? Katika madhehebu ya Hanafi, Muhammad al-Shaybani alisema inaliwa, kwa kuwa hukumu ya unajisi iliwekwa juu ya punda mfu, na punda mfu hayupo tena; Abu Yusuf, mwenzake, hakukubali. Karne kadhaa baadaye Ibn Taymiyya aliunga mkono upande wa kwanza. Kwa mtu anayelijua Ziwa Balangida, lililo chini ya Mlima Hanang, ambako mifugo hupelekwa kulamba chumvi na wakati wa kiangazi baadhi yake haiondoki, mfano huo si wa kubuni sana.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni wafuasi wa Shafii, na madhehebu hayo ni magumu zaidi. Kwayo kugeuka hakutoharishi isipokuwa katika mambo machache, kama vile mvinyo uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu, na ngozi ya mzoga iliyodabighiwa, mbali na ya mbwa na nguruwe. Mfupa wa mzoga ni najisi, na majivu yake ni najisi. Mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa kisheria ni tohara tangu mwanzo, haungojei tanuru. Maana yake ni kwamba kwa Mshafii wa Katesh au Basotu, huko Hanang, mkaa wa mifupa unaweza kuwa halali kabisa, mradi ijulikane mifupa imetoka machinjioni na haikuokotwa mbugani baada ya ukame. Rangi ya kijivu, inayomtosha fundi, haimwambii lolote kuhusu hilo. Anayetaka maji yake yanunuliwe hana budi kutunza kumbukumbu ya chanzo, na gharama yake si kubwa kuliko gharama ya tanuru.

Njia ya kuukwepa mfupa wenyewe ipo pia. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyezaliwa katika kijiji cha Gongali, Karatu, nchi ya Wairaqw, na kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alitengeneza chujio la mchanga lililoongezewa chembe ndogo mno zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mchanga hauna madhehebu.

Wanafalsafa wa Ulaya walilifikia swali hilohilo la kugeuka kwa mlango mwingine. Aristotle aliuliza kama viungo vilivyochanganyika kweli vinabaki ndani ya mchanganyiko, na akajibu kwamba vinabaki kwa uwezekano tu. Thomas wa Akwino alimfuata: viungo havimo tena kwa hali yake, ila nguvu zake zimo. Katekisti wa Mbulu analijua wazo hili kwa mfano ulio kinyume kabisa, ule wa Ekaristi, ambamo Kanisa Katoliki linafundisha kwamba dhati hugeuka huku rangi na ladha ya mkate vikibaki. Tanuru la mifupa hugeuza vyote viwili na bado mtu hujiuliza kama ng'ombe kaondoka. Mwaka 1789 mwanakemia Lavoisier alipoandika kwamba katika kazi yoyote ya kemia maada haiongezeki wala haipungui, alionekana kumpa ushindi anayesema kitu hubaki. Lakini kinachobaki kwa Lavoisier ni elementi, na elementi haiwezi kubeba unajisi. Kaboni iliyo ndani ya punje ya hindi leo imekwisha kupita katika mizoga, samadi na pumzi za viumbe wasiohesabika. Kama atomi zingekuwa ndizo zinazobeba hukumu, hakuna mtu angepata tonge la kula.

Bayogesi huuleta mjadala huu jikoni. Tanzania si ngeni kwayo: shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilianza kuieneza miaka ya 1970, na kuanzia mwaka 1983 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kwa msaada wa Wajerumani, kilieneza mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi. Kinyesi huchanganywa na maji kwa kiasi kinacholingana, bakteria wasiohitaji oksijeni hukimeng'enya, na gesi inayotoka huwa methani kwa zaidi ya nusu, inayobaki ikiwa zaidi ni hewa ya ukaa. Tope linalosukumwa nje ni mbolea, nayo haina harufu kali ya samadi mbichi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Amelia Kivaisi, Anthony Mshandete na wenzao walichunguza namna bakteria hao wanavyoweza kula mabaki ya mkonge, na huko Hale, Tanga, mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki hayo ulijengwa. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na bayogesi ni mojawapo ya njia zake.

Kwa Hirbadaw kikwazo cha kwanza ni cha kawaida tu: maji. Mtambo unaodai ndoo ya maji kwa kila ndoo ya kinyesi unamfaa Mwiraqw mwenye ng'ombe wawili watatu wa ndani na kisima karibu. Mbarbaig ambaye mifugo yake inashinda malishoni hukusanya kinyesi cha usiku tu, tena kwenye boma analoweza kulihama. Swali la tohara huja baadaye, na majibu yake yanafurahisha. Kwa Maliki na Hanbali, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara, basi hakuna la kuuliza. Kwa Shafii ni najisi, na moshi wa najisi inayoungua ni najisi pia, ingawa uchache wake umesamehewa. Lakini mvuke unaotoka kwenye najisi bila moto si najisi, na vitabu vya madhehebu hayo vinaitaja waziwazi hewa inayotoka tumboni kuwa miongoni mwa vilivyo tohara. Gesi ya mtamboni hutoka bila moto. Mwanachuoni wa Kishafii akitaka kuihalalisha bayogesi anazo nyenzo ndani ya madhehebu yake, bila kuazima kwa Hanafi. Kipimo kigumu kuliko hicho kilifanyika Rwanda, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magereza yalijengewa mitambo inayotumia vyoo vya wafungwa wenyewe, na chakula chao kikapikwa kwa gesi hiyo.

Mpaka hapo kemia na wapole wa fiqhi wako upande mmoja: kilichogeuka kimegeuka. Lakini kemia hiyohiyo ina shahidi anayeisumbua. Sehemu ndogo sana ya kaboni ya angani ni ya namna iitwayo kaboni 14, inayotengenezwa na miale kutoka anga za juu na kuoza polepole, nusu yake ikiisha katika miaka 5,730. Majani huipokea, ng'ombe huipokea kwa majani, na methani ya kinyesi hutoka nayo. Gesi ya Songosongo imekaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na kaboni 14 yake ilikwisha zamani. Kwa hiyo gesi mbili zinazowaka sawa zinaweza kutofautishwa maabara kwa asili yake. Molekuli moja moja haina kumbukumbu, ila zikiwa nyingi pamoja zinayo.

Tofauti hiyo ya asili ndiyo inayozingatiwa na kemia mpya, iitwayo kemia ya kijani. Wanakemia Paul Anastas na John Warner walipotoa kanuni kumi na mbili za kemia hiyo mwaka 1998, ya saba ilidai malighafi inayoweza kupatikana upya badala ya inayokwisha. Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa kirefu juu ya mafuta ya maganda ya korosho, yanayotupwa viwandani huko kusini, na ya mbegu za mbarika, kama badala ya kemikali za petroli. Mteja wa mwisho anaweza kupokea gundi au rangi isiyotofautika na ile ya zamani kwa kazi yake, na bado moja ikahesabiwa bora kuliko nyingine kwa sababu ya njia iliyopita. Mwanakemia wa namna hii anafanana na Mshafii kuliko anavyodhani: haridhiki na kitu kilivyo, anataka nasaba yake.

Nasaba nayo yaweza kudanganya. Kinyesi kilichotandazwa shambani hutoa methani kidogo tu, kwa kuwa hewa inakifikia. Kikiingizwa kwenye mtambo wenye ufa, kitatoa methani nyingi isiyochomwa, na methani hunasa joto kama mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule kwa kipimo cha miaka mia. Asili njema haifuti uzembe wa mwisho.

Basi ni historia ipi inayopaswa kuhesabiwa? Mila za Wairaqw zinasaidia kutenganisha mambo hapa. Unajisi wa kimila unaompata mtu baada ya misiba au makosa fulani huenea kwa kugusana na kula pamoja, humfanya atengwe, lakini una kikomo: muda ukipita na ibada ikifanyika, mtu hurudi miongoni mwa wenzake. Huo ni unajisi wa mguso. Deni la ng'ombe, au la damu, ni jambo la namna nyingine, na kutengwa hakulilipi. Fiqhi inatenganisha vilevile, na hapa mfano wake ni wa ngano. Mtu akipora ngano ya mwenziwe akaisaga, Shafii anasema unga ni wa mwenye ngano. Hanafi, anayekubali kwamba kugeuka hubadili hukumu, anasema unga sasa ni wa mporaji, ila anadaiwa fidia, na si halali kwake kuufaidi kabla hajalipa. Hata anayemruhusu punda kuwa chumvi hairuhusu ngano iliyoporwa kuwa unga usio na mwenyewe. Mgawanyiko huo ndio ulio sahihi: historia ya mguso inaweza kuishia tanuruni, lakini historia inayoacha mtu anadai haiishii huko.

Hanang inaujua mfano huo kwa ekari. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, nyanda za Basotu zilizokuwa malisho ya Wabarbaig zilichukuliwa na shirika la umma la NAFCO kwa kilimo cha ngano kwa msaada wa Kanada, hadi yakawa mashamba makubwa saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Matrekta yalipita pia juu ya vilima vya makaburi ya wazee. Ngano yenyewe haikuwa na kasoro, na mkate wake ulikuwa mkate. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi hiyo na kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Nasaba iliyotakiwa mahakamani ilikuwa ya watu.

Leo bidhaa inayotoka wilaya jirani ya Mbulu ni ngeni zaidi kuliko ngano. Katika Bonde la Yaeda, Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchuma, hulipwa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania kwa kuacha miti isimame, na hewa ya ukaa ambayo haikutoka huuzwa, chini ya viwango vya Plan Vivo, kwa makampuni ya mbali yanayotoa ya kwao. Biashara hiyo inawezekana kwa sababu ya imani ileile ya kwanza: kwamba molekuli ya Yaeda na ya Ulaya ni moja, hivyo moja yaweza kusimama badala ya nyingine. Ila thamani yake yote imo katika historia, tena historia ambayo haikutokea, ya mashamba yaliyokadiriwa kwamba yangelimwa. Yaeda ilianza vizuri kuliko Basotu katika jambo moja kubwa: Wahadzabe walipata hati miliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, hivyo kaboni ilipoanza kuuzwa mwenye mali alijulikana. Bonde hilo hilo, hata hivyo, huingiwa wakati wa kiangazi na wafugaji wa Kidatoga, kabila wanamotoka Wabarbaig, wanaofuata maji na majani, baadhi yao wakiwa wa koo zilizosukumwa kutoka Basotu. Mpango wa matumizi ya ardhi unawawekea mipaka ya kuchungia, na hesabu za kaboni, zinazotaja miti kwa tani, hazina safu ya kuandikia wanachopoteza.